Hodi Isiyoitikiwa

Kila asubuhi Babu Randa aliamka kabla ya mkwe wake. Alifagia ua, akawasha moto, akabandika birika. Kisha alikaa kwenye stuli yake karibu na mlango wa jikoni, akasubiri mkwe aamke ili asikie sauti ya mtu.

Jina hilo alipewa na watoto wa jirani. Alikuwa seremala maisha yake yote, na mlio wa randa yake ndio uliowaamsha kwenda shule. Sasa randa ilikuwa imetundikwa ukutani. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na randa haitaki mkono unaotetemeka.

"Shikamoo, Baba," mkwe alisema huku akifunga kitambaa kichwani.

"Marahaba. Umelala salama?"

"Salama. Chai umekunywa?"

"Nitakunywa."

"Jana pia ulisema utakunywa."

Mzee alicheka kidogo, ili kumridhisha tu. Mkwe alikuwa na haraka. Alifanya kazi kituo cha maziwa, kupima maziwa yanayoletwa na wafugaji. Mumewe, yaani mtoto wa mzee, alikuwa dereva wa lori la safari za mbali, na nyumbani alionekana kwa nadra. Mkwe akishaondoka, nyumba ilibaki kimya mpaka jioni.

Zamani nyumba hiyo haikuwa na kimya. Marehemu mke wake alikuwa mtu wa watu. Mara kwa mara mtu alipiga hodi mlangoni, naye mama huyo alipaza sauti kutoka jikoni, "Karibu, pita ndani!" kabla hata hajajua ni nani. Kwa ajili ya wageni hao Babu Randa alitengeneza viti sita vya mbao ngumu, vyenye migongo na mahali pa kuegemeza mikono. Yeye mwenyewe hakuwa na maneno mengi. Alikaa pembeni na chai yake, akasikiliza, akacheka panapochekesha. Alidhani wale ni wageni wao wote wawili.

Mke alipofariki, watu walijaa uani. Kisha wakapungua. Waliokuja walimpa pole, wakauliza hali yake, halafu wakanyamaza. Naye akanyamaza. Hakujua la kusema, maana kusema ilikuwa kazi ya mkewe. Wakaaga. Mwishowe hakuja mtu isipokuwa muuza sabuni, na hata yeye alimwulizia mama mwenye nyumba.

Hapo mzee alitambua jambo lililomuumiza sana. Hodi zote zile zilikuwa za mke wake. Kwake yeye hakuwahi kuja mtu.

Jioni moja mkwe alirudi kutoka kazini, akakuta moto unawaka vizuri kuliko kawaida. Aliinama kuchochea kuni, akashtuka.

"Baba, huu si mguu wa kiti?"

"Ndiyo."

"Kiti kimevunjika?"

"Nimekivunja mimi."

"Umevunja kiti kwa mikono yako mwenyewe? Kwa nini?"

Mzee alikuwa anautazama moto. "Nani wa kukikalia?" akasema.

Mkwe aliutoa ule mguu motoni, akaumwagia maji, akauweka kando pamoja na vipande vya kiti ambavyo vilikuwa havijachomwa. Usiku huo mzee hakugusa chakula.

Asubuhi, pale kituo cha maziwa, alikuja afisa maendeleo ya jamii. Wafugaji walimwita Mama Helmeti. Alizunguka vijijini kwa pikipiki, na helmeti haikutoka kichwani mwake hata akiwa ofisini kwa watu, kwa sababu kila mara alikuwa njiani kwenda kwingine. Wengine walitania kwamba analala nayo. Mkwe alimvuta pembeni ya madebe, akamweleza habari za mzee.

"Umempeleka zahanati?" Mama Helmeti aliuliza.

"Nimempeleka. Wamempima presha, sukari, kila kitu. Wamesema hawaoni ugonjwa. Lakini hali chakula. Anasema ameshiba, na mimi ndiye ninayepika, najua hajala."

"Umefanya vizuri kuanza na zahanati. Mzee asipokula lazima apimwe kwanza. Sasa niambie, kwa siku anaongea na nani?"

"Na mimi. Asubuhi na jioni."

"Mnaongea nini?"

"Umelala salama. Chai umekunywa," mkwe akasema polepole. Aliona aibu.

"Usijilaumu, mdogo wangu. Una kazi. Lakini ujue, upweke si deko, wala si uzee tu. Mtu anaweza kuwa na chakula na paa, akadhoofika kwa kukosa watu. Hamu ya kula inaisha, usingizi unapotea. Vidonge peke yake havitoshi hapo. Anahitaji mahali pa kwenda, na watu wanaojua kwamba leo hakuja."

"Si mna darasa la sanaa pale kwenye ghala la zamani la ushirika?"

"Tunalo. Kuchora, kuimba, maigizo. Tumetangaza kwa gari lenye spika, barabara yote. Wanakuja vijana tu. Tulidhani wazee hawapendi mambo hayo."

"Baba alikwenda," mkwe alisema. "Alivaa koti lake la sherehe. Alirudi upesi, akalivua koti, akalala. Sijui walimwambia nini."

Mama Helmeti alikunja uso. "Alikuja? Mbona hatukumwona? Basi nitamuuliza mwenyewe."

Mchana huo Babu Randa alisikia pikipiki ikizimwa nje. Kisha akasikia sauti.

"Hodi!"

Hakuitika. Alijua si yake.

"Hodi hapa nyumbani!"

"Mkwe wangu yuko kazini," alijibu kutoka ndani.

"Sikumfuata mkwe, Babu. Nimekuja kukuona wewe."

Mzee aliinuka kwenye stuli. Kisha akatoka, akafungua mlango wa sebule uliokuwa haufunguliwi. Viti vitano vilikuwa vimejipanga ukutani, vina vumbi. Alikifuta kimoja kwa kiganja. Mama Helmeti akakaa, helmeti kichwani.

"Babu, nimesikia ulikuja kwenye darasa letu."

"Nilikuja."

"Kuna aliyekukosea adabu?"

"Hakuna."

"Sasa mbona uliondoka?"

Mzee alitazama mikono yake. "Nilipiga hodi," akasema. "Kulikuwa na ngoma ndani. Nikapiga ya pili. Nikaona kijana mmoja amenitazama, akageuka. Nikapiga ya tatu. Hakuna aliyesema karibu. Nikarudi nyumbani kwangu."

Mama Helmeti aliangua kicheko. "Ah, Babu! Lile ni ghala la watu wote! Pale hapahitaji hodi, mtu anaingia tu."

Mzee hakucheka. "Wewe umeingia tu hapa?"

"Hapana, lakini hapa ni nyumbani kwa mtu."

"Mimi nimelelewa hivyo, mwanangu. Hodi tatu zikikosa jibu, unaondoka. Hawakukusikia au hawakutaki, yote mamoja. Kung'ang'ania mlango wa watu ni aibu. Na lile gari lenu liliita 'wananchi wote'. Nani aliniita mimi?"

Kicheko kilimwisha Mama Helmeti. Aliinua mikono, akafungua kamba ya kidevu, akavua helmeti na kuiweka sakafuni. Nywele zake zilikuwa na mvi nyingi kuliko watu walivyodhani.

"Nisamehe, Babu," alisema. "Kosa ni letu. Tumekuwa tukisema wazee hawapendi sanaa, kumbe tumewaacha mlangoni. Mwingine anaona haya kuingia peke yake. Mwingine magoti yanamuuma, na sisi tumetandika mikeka chini. Mwingine saa ile anakamua ng'ombe. Tulipaswa kuja nyumba kwa nyumba na kuuliza. Hatukuuliza." Alipapasa mkono wa kiti. "Hiki umekitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Jumamosi nitapita kukuchukua. Tutakwenda pamoja kwa miguu."

"Nitakwenda kufanya nini? Mikono hii haishiki hata msumari."

"Sijui. Utakwenda kukaa na watu kwanza. Mengine tutayaona hukohuko."

Jumamosi mzee alivaa koti mapema mno. Alikaa nalo juani akitoka jasho, huku akijiambia kwamba huyo mama hatakuja. Alikuja. Walitembea taratibu mpaka kwenye lile ghala la zamani la chama cha ushirika, ambalo kuta zake bado zilinuka magunia. Ngoma zilikuwa zinalia. Mzee alisimama mlangoni, akamtazama mwenzake.

"Piga," Mama Helmeti alimwambia.

"Hodi," mzee akasema.

Ngoma zikasimama. Mwalimu wa sanaa, dada mwembamba mwenye rangi mpaka kwenye viwiko, aligeuka. "Karibu, Babu Randa!" akasema. Na wote mle ndani wakaitika, "Karibu!"

Mzee aliingia. Walimpa ndoo iliyopinduliwa akalie, maana kiti hakikuwepo. Walimpa karatasi na mkaa, akachora mbuzi.

"Babu, mbuzi wako ana miguu ya stuli," kijana mmoja alimtania.

"Huyo ukimkalia hakupindui," mzee akajibu. Watu walicheka, naye akashangaa kwamba wamecheka kwa maneno yake mwenyewe.

Lakini aliporudi nyumbani, alilifungua geti akiwa na habari mdomoni, na hakuna wa kumpa. Maisha yake yote, akiwa na habari, alimpelekea mke wake. Alisimama katikati ya ua na karatasi yake ya mbuzi, akalia kidogo, mwanamume mzima, kwa kuwa siku ilikuwa nzuri.

Mkwe aliporudi, alikuta karatasi juu ya meza.

"Baba, huyu ni nani? Meza?"

"Meza gani! Huyo ni mbuzi. Kaa nikueleze."

Mkwe hakwenda kubadilisha nguo. Alikaa. Mzee alieleza mpaka chakula kikapoa, na katikati ya maelezo akakila bila kujua.

Ghalani nako mambo yalibadilishwa. Mama Helmeti na mwalimu walipita nyumba kwa nyumba, wakauliza watu wazima muda unaowafaa. Darasa likasogezwa mpaka baada ya maziwa kwenda kituoni. Mgeni hakuitwa tena kwa spika peke yake. Alifuatwa na mtu anayemjua, na siku ya kwanza walikuja pamoja. Viti vitano vya Babu Randa vilibebwa ghalani kwa mkokoteni, kwa ajili ya wenye magoti mabovu.

Na mlangoni akawekwa mtu. Ngoma zilikuwa na kelele, hivyo palihitajika mwenye masikio ya kuisikia hodi.

"Hiyo kazi nipeni mimi," mzee alisema. "Najua hodi inayokosa jibu inavyouma."

Kiti cha sita alikirudisha mwenyewe. Ule mguu uliookolewa motoni ulikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Aliuchongea upya ulimi wa kuingia kwenye tundu la kiti, akaupiga gundi. Ilimchukua siku nyingi kwa mikono ile, na kijana aliyemtania alimshikia ubao usicheze. Kiti kilisimama, kikayumba kidogo tu.

Ilifika siku ya maonyesho. Picha zilibandikwa ukutani, maigizo yakaandaliwa, watu wakaja na watoto wao. Mkwe alikuja na madumu ya chai. Babu Randa alikaa mlangoni, na kile kiti chenye mguu mweusi kilikuwa kando yake, kitupu.

Ngoma zilipopamba moto, aliona kivuli cha mtu nje, kwenye ukuta. Kilisogea, kikarudi nyuma. Kisha, chini ya kelele zote zile, ikaja sauti ndogo.

"Hodi."

Mzee aliinua mkono juu. Ngoma zikanyamaza.

"Karibu!" alipaza sauti kabla hata hajajua ni nani. "Pita ndani!"

Aliingia mpishi wa shule, mama mnene aliyeitwa Mama Mwiko, rafiki mkubwa wa marehemu mke wake. Zamani hapakupita siku bila yeye kufika. Mzee hakuwa amemwona tangu matanga.

"Shemeji," Mama Mwiko alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Umeitika kama yeye."

"Ulipotea," mzee alimwambia. "Nilidhani hukuwa na haja na mimi."

"Nilikuja, shemeji. Nilikuja mara nyingi. Nilisimama nje ya geti lako, nikafikiri kwamba nikipiga hodi, sitaisikia sauti yake. Nikashindwa. Nikarudi."

Babu Randa aliinuka. Kumbe siku zile alizokaa ndani akisubiri hodi, kulikuwa na mtu nje ya geti. Alikivuta kile kiti, akakifuta kwa kiganja.

"Kaa," akasema. "Kinayumba kidogo, lakini hakitakuangusha. Na kesho njoo nyumbani upige hodi. Nitaitika mimi."