Utabiri wa Sikuzani

Kila siku saa kumi kasorobo za jioni, Sikuzani Omari alichukua ufunguo kwa mwenyekiti wa kijiji, akafungua ofisi, akatoa redio pekee ya kijiji kwenye sanduku lake la mbao na kuiweka dirishani. Alikuwa darasa la sita, na hati yake ilikuwa nzuri kuliko ya mwanafunzi yeyote shuleni. Hati hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alisikiliza taarifa ya habari ya saa kumi, akasubiri utabiri wa hali ya hewa uliosomwa mwishoni, kisha akatoka nje na kuuandika kwa chaki kwenye ubao mkubwa uliopigiliwa ukutani. Mtu aliyetaka kujua kama kesho aanike mihogo yake alipita kuutazama ubao. Asiyejua kusoma alimuuliza anayejua.

Wasiojua kusoma walikuwa wakipungua. Ulikuwa mwaka 1973, na kijiji chao cha ujamaa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni ya Kigwa, kilikuwa hakijafikisha hata miaka mitatu. Jioni watu wazima walikusanyika upenuni mwa ofisi hiyohiyo kwa ajili ya kisomo. Wengine walikuja na jembe begani, wengine na mtoto mgongoni. Mwalimu Eustace aliwafundisha, na kila mwisho wa somo alimwinua mmoja wao asome maneno ya ubaoni. Sikuzani alipenda sana kusimama pembeni na kusikia maandishi yake yakisomwa kwa taabu na wazee wenye ndevu.

Lakini msichana huyo alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni muziki wa dansi. Wiki ile alianza kuchukua ufunguo mapema, saa tisa, kwa kisingizio cha kufagia ofisi. Ufagio ulikaa kwenye kona yake na redio ikaimba. Siku moja kabla ya Sikukuu ya Uhuru aliifungulia sauti mpaka mwisho, akacheza peke yake katikati ya viti vya wazee wa kamati mpaka jasho likamtoka.

Saa kumi ilipofika, sauti ya msomaji wa habari ilisikika kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Halafu ikafifia. Halafu kimya. Sikuzani alizitoa betri, akazisugua kwenye sketi, akaziuma kwa meno, akaziweka juani kidogo, akazirudisha. Redio haikutoa hata mkwaruzo.

Siku nyingine yoyote pengine watu wasingejali. Ila kesho yake vijana wa Ng'ambo, Tabora mjini, walikuwa waje kwa gari moshi kucheza mpira na timu ya kijiji, na mechi hiyo ilitegemea ubao. Mwaka uliotangulia mvua ilinyesha, uwanja wa mbugani ukawa tope tupu, na mchezaji mmoja wa Ng'ambo akavunjika mguu. Timu mbili zikakubaliana kwamba kukitabiriwa mvua kubwa, wageni wasipande gari moshi, na mvua ikiwakuta uwanjani, mwamuzi apulize filimbi ya mwisho. Tena baada ya sikukuu kijiji kizima kilikuwa kinaingia mashambani kupandikiza tumbaku, na hapangekuwa na mpira hadi baada ya mavuno. Kama si kesho, ni miezi sita mbele.

Kwa hiyo Sikuzani alipaswa kwenda kwa Mwalimu Eustace na kusema, "Mwalimu, nimemaliza betri kwa muziki." Sentensi fupi tu! Lakini hakwenda. Alitazama juu akaona mawingu machache upande wa Tabora. Akaanza kupiga hesabu za kitoto: nikiandika jua, mvua ikanyesha, watanilaumu. Nikiandika mvua, jua likawaka, watafurahi, na mtu aliyefurahi hamlaumu mwenzake. Hesabu hiyo aliiona nzuri mno. Akachukua chaki akaandika: *Kesho mvua kubwa yenye upepo.*

Watu wa kisomo walikuwa wameanza kufika. Siku hiyo Mwalimu Eustace alimwinua Mama Nikolaus. Mama huyu alikuwa mkulima wa makamo, mwanawe Nikolaus alikuwa kiwandani Mwanza, na barua zake zote alisomewa na mwenye duka. Kabla hajafika nyumbani, kijiji kilishajua Nikolaus anaumwa nini na ameposa wapi. Mama Nikolaus aliapa kwamba barua moja, hata moja tu, ataisoma mwenyewe mlango ukiwa umefungwa. Lakini miezi minane ilikuwa imepita, naye alikuwa hajamaliza sentensi bila kusaidiwa.

"Ke... sho," alianza, kidole kikifuata herufi hewani. "Kesho. M... mvu... mvua. Ku... bwa. Kubwa! Ye... nye... yenye u... pe... po." Kisha akageuka, macho yamemtoka. "Kesho mvua kubwa yenye upepo! Mwalimu, ndivyo?"

"Ndivyo hasa, mama! Hukusaidiwa na mtu!"

Vigelegele vilipasuka. Wanawake walimkumbatia, mmoja akamvisha kanga yake shingoni. Mama Nikolaus akamshika Sikuzani mikono yote miwili. "Mwanangu, nimesoma mkono wako! Mungu akubariki." Sikuzani akatabasamu. Hakuelewa ni kwa nini furaha ile ilimwuma namna ile.

Mahona, nahodha wa timu, alikuwa amesimama nyuma na baiskeli yake. Alikuwa seremala, kijana mrefu asiye na maneno mengi. "Kama ni hivyo, mpira umekufa," alisema. "Gari moshi linaondoka Tabora saa mbili asubuhi. Kesho alfajiri nitawahi stesheni nimwombe mkuu wa stesheni awapigie simu wenzake, wawaambie vijana wasisafiri."

Sikuzani alifungua mdomo. Akimwambia Mahona ukweli, mechi itapona, lakini Mama Nikolaus ataambiwa kwamba sentensi yake ya kwanza maishani ilikuwa uongo. Akinyamaza, Mama Nikolaus ataendelea kufurahi, na timu nzima italia. Sasa lipi ni jema? Alisimama hapo akili ikimzunguka, na alipozinduka Mahona alikuwa ameshaondoka.

Watu walipotawanyika akapata wazo jingine, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mahona atapita hapa asubuhi, aliwaza. Akiona ubao umebadilika, atarudi nyumbani, mechi itachezwa, na hakuna atakayeuliza. Akafuta maneno yote kwa kiganja, akaandika: *Kesho jua, hakuna mvua.* Akafunga ofisi, akarudisha ufunguo, akaenda kumsaidia mama yake kutwanga. Mama yake alimuuliza mara mbili kama ana homa.

Asubuhi ya sikukuu Sikuzani alitoka mbio mapema. Tayari kulikuwa na kelele ofisini. Mahona alikuwa ameegemea baiskeli, anautazama ubao kama mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa. Wachezaji wenzake watatu walikuwa pale, na Mwalimu Eustace alikuwa amefika na bendera ya sherehe mkononi.

"Mwangaluka, mwalimu," Mahona alimwamkia kwa Kinyamwezi. "Hebu nisaidie. Jana si nilisikia mvua?"

"Mwangaluka. Nilisikia mvua mimi pia," alijibu mwalimu. "Au tuseme nilimsikia Mama Nikolaus. Nilikuwa namtazama yeye, sikuutazama ubao."

"Ahaa!" mchezaji mmoja akaangua kicheko. "Basi mama alisoma cha kichwani mwake. Kwenye jua yeye akaona mvua! Kisomo hicho!"

Wote wakacheka, na kicheko kikamkuta Mama Nikolaus akija na ndoo ya maji kichwani. Waliponyamaza ghafla, akajua ni yeye anayechekwa. Akaitua ndoo, akausogelea ubao. "Ke... sho," alisoma polepole. "Ju... a." Akarudia. "Jua." Akapapasa ukuta chini ya maneno, kana kwamba mvua yake ilikuwa imeangukia huko.

"Lakini mimi niliona mvua," alisema kwa sauti ndogo. "Niliiona kabisa. Mwalimu, si ulisema ndivyo?"

"Mama, labda jana..." Mwalimu Eustace aliutazama tena ubao.

Mama Nikolaus alifunua pindo la kanga alimofunga penseli yake, akaifungua, akaiweka juu ya ngazi ya ofisi. "Hapana, mwalimu. Umri huu nimekuwa mtu wa kuchekwa na watoto. Barua zangu asome mwenye duka, inatosha." Akaanza kujitwisha ndoo.

Hapo Sikuzani aliona ile hesabu yake yote ilivyokuwa takataka. Alitaka kukimbilia nyumbani ajifiche chini ya kitanda. Badala yake akamkimbilia Mama Nikolaus. Akaangua kilio kabla hajasema lolote.

"Mama, usiende! Umesoma sawasawa! Jana kulikuwa na mvua, leo kuna jua, na yote mawili nimeandika mimi!"

"Unasema nini wewe?" Mahona aliuliza. "Redio ilibadilisha?"

"Redio haikusema kitu, kaka Mahona. Betri zimekwisha. Nilizimaliza mimi kwa muziki. Nikatunga mvua. Halafu nikaona mtakosa mechi, nikatunga jua."

Mahona akatazama juu, kisha ubao, kisha baiskeli. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo leo ni mvua au ni jua?"

"Sijui," alisema Sikuzani huku akilia. "Sikujua jana, na leo sijui."

Mwalimu Eustace hakumpiga wala hakumfokea. Alichukua kifutio, akafuta ubao, akampa chaki. "Andika hilohilo. Andika kile unachokijua."

Sikuzani aliandika, na safari hii hati yake nzuri ilikwenda upogo: *Redio haina betri. Hatujui hali ya hewa ya leo.*

"Mama Nikolaus," mwalimu alisema, "nakuomba radhi. Nilipaswa kukutetea na sikukutetea. Tusomee, tafadhali. Vijana hawa wanasubiri kujua la kufanya."

Mama Nikolaus aliitua tena ndoo. Akausogelea ubao. Alisoma neno kwa neno, polepole mno, na safari hii hakuna aliyecheka. Alipofika mwisho, yule mchezaji aliyemdhihaki aliokota penseli kwenye ngazi, akampa kwa mikono miwili. "Samahani sana, mama."

"Nenda stesheni, Mahona," alisema mwalimu. "Waambie hivyohivyo ilivyoandikwa. Wenyewe waamue."

Mahona alipanda baiskeli, akakanyaga kuelekea Kigwa kwa barabara ya zamani ya misafara. Hadi saa nne kijiji kizima kilikuwa kwenye mashaka, wanawake hawajui wapike wali wa wageni au waache. Halafu watoto wakapiga kelele. Vijana wa Ng'ambo walikuwa wakija kwa miguu, viatu vimening'inia mabegani, wakiimba. Nahodha wao alisema waliposikia watu wa Kigwa hawajui, waliona kwamba hata wao mjini hawakuusikiliza utabiri, basi afadhali wasijue wote pamoja.

Mpira ulianza saa nane. Jua lilikuwa kali. Kijiji kilifunga, Ng'ambo wakarudisha, Mahona akafunga la pili kwa kichwa. Zikiwa zimebaki dakika kumi, wingu jeusi lilitokea nyuma ya miti, upepo ukaruka na kofia za watu, na mvua ikamwagika kwa nguvu. Mwamuzi alipuliza filimbi kama walivyokubaliana. Kijiji kilisema kimeshinda mbili kwa moja. Ng'ambo walisema mpira ambao haukwisha hauna mshindi. Walibishana kwa furaha hadi chini ya paa la shule, wote wameloa, na wali ukaletwa.

"Jamani!" mmoja alipaza sauti. "Mvua kubwa yenye upepo! Kumbe Sikuzani alisema kweli!"

Watu wakacheka na kumpigia makofi. Sikuzani aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alihisi afadhali. Je, kumbe hakukosea? Alimtazama Mwalimu Eustace, lakini mwalimu alikuwa akimtazama Mama Nikolaus.

"Hakusema kweli," alisema Mama Nikolaus, akikamua maji kwenye kanga yake. Alimvuta Sikuzani karibu, akamfuta uso kwa kiganja. "Mvua imenyesha kwa sababu zake. Wewe ulibahatisha, mwanangu, uliandika mvua, ukaandika na jua, na moja lazima lingetokea. Nisikilize. Nyinyi mliosoma mkiona neno ubaoni mnaweza kulitilia shaka. Sisi tunaoanza hatuwezi. Mimi nikifaulu kulisoma, nimeshaliamini. Ukiniandikia uongo, nitaubeba mpaka nyumbani kwangu, nitawapa na wanangu. Siku usiyojua, niandikie kwamba hujui. Hilo nitalisoma vizuri tu, na sitakuona mjinga."

"Ndiyo, mama," alisema Sikuzani. "Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Sasa kula, wali unapoa."