Insha Isiyo na Simba

Kila Jumatatu, baada ya kufagia uwanja na kumwagilia miche, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Songwa waliandika insha. Lusia hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na simba wake, aliyemtoa kwenye kitabu cha mifano: familia inakwenda mbugani, gari linaharibika, simba anatokea, askari wanawaokoa. Simba huyo alikuwa amemletea alama kumi na nane kati ya ishirini mara tatu, na Lusia alimtunza kama ng'ombe wa maziwa.

Jumatatu hiyo Mwalimu Eunice aliandika ubaoni, "Siku Nisiyoisahau." Kisha akawageukia.

"Jamani, mwezi uliopita watoto ishirini na wawili mlikutana na simba. Mimi nina miaka kumi hapa, sijamwona hata mkia. Insha itakayonigusa, mwenyewe ataisoma mbele ya wazazi Ijumaa."

Darasa likacheka, isipokuwa Lusia. Bila simba angeandika nini? Kilichomjia ni machimbo ya Nyarugusu, walikoishi zamani, mama yake akiosha mchanga wa dhahabu, tope hadi magotini. Hapa shuleni hakuna aliyelijua hilo. Adam, jirani yake wa dawati, alikuwa hodari wa kuwabandika watu majina ya utani.

Lusia akaandika, "Siku moja wazazi wangu walinipeleka mbugani." Akaikata. Akaanza upya.

Ijumaa ikamkuta amesimama mbele ya wazazi. Mama yake alikuwa benchi la nyuma, na kitenge chake kizuri.

"Mashine za kusaga mawe zilinguruma kutwa," Lusia alisoma, "kwa hiyo sote tuliongea kwa kupaza sauti. Siku moja zilizima ghafla. Mama alikuwa akimwambia jirani yetu kwamba anatamani wali. Machimbo mazima yakasikia. Tulicheka mpaka mama akakaa kwenye tope. Jioni jirani akatuletea wali. Nimekula wali mara nyingi tangu hapo, lakini ule bado naukumbuka, na watu wale nawakumbuka."

Wazazi walicheka. Mama yake alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Lusia akamwendea.

"Samahani, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma cha nyumbani.

"Samahani ya nini?" Mama alijifuta machozi. "Miaka yote mimi nauonea aibu wali ule. Kumbe mwenzangu ulikuwa unaukumbuka kwa furaha."

Adam akasogea. Lusia akasubiri jina la utani.

"Mashine zilipowaka tena," Adam aliuliza, "mama yako alisema nini?"

Mama Lusia akacheka, akaanza kumsimulia.

Mwalimu Eunice akamshika Lusia bega. "Yule simba alikupa alama, lakini hakuwa wako," alisema. "Leo umeogopa na bado umeandika. Ndivyo anavyoanza mwandishi yeyote: anathubutu kutoa cha kwake, huku hajui watu watakipokeaje."