Kijani cha Alhamisi

Saa nne asubuhi. Chumba cha nyuma cha kinyozi.

Majambazi walikuwa watatu, viti viwili. Kimoja alikikalia Meno, kiongozi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa nayo. Cha pili kilipewa kompyuta ya Karani, shemeji yake. Kampuni inayolinda ghala la simu ilimfukuza kazi juzi. Aliondoka na ratiba ya zamu.

"Namba sizitaki," Meno alisema. "Zinaniuma kichwa. Nionyeshe lini."

"Nimezificha, shemeji. Nimeweka fomula. Zamu yenye walinzi pungufu ya wawili, kisanduku kinageuka kijani chenyewe. Nyingine zote nyekundu."

Jedwali lilikuwa jekundu kama jicho la mlevi. Kijani kimoja tu: leo, Alhamisi, saa saba mchana.

"Natangulia mimi," alisema Kaka. Huyu na Karani tumbo moja. Alikuwa ametoka jela mwezi huo. "Nikirudi ndani safari hii, mdogo wangu, mama utamzika peke yako."

"Hurudi. Si unaona kijani?"

"Mimi naona majani. Hata mbuzi huyaona, na anachinjwa."

Meno akacheka. Ufizi mtupu.

Saa sita na dakika hamsini. Gari limeegeshwa ng'ambo ya ghala.

Kaka alishuka na ovaroli ya fundi umeme, bastola chini ya koleo kwenye mfuko wa vifaa. Simu yake aliichukua Meno. Amri ya kazi.

Karani akafungua kompyuta. Majivuno tu. Alitaka kuiona namba yenyewe: mlinzi mmoja, au hakuna kabisa? Akabofya kile kijani.

Hapakuwa na moja. Hapakuwa na sifuri. Kisanduku kilikuwa kitupu.

Fomula yake huuhesabu utupu kuwa sifuri, na sifuri ni pungufu ya mbili. Kompyuta ilitii kama mwanafunzi bora. Lakini pale ofisini hawakuacha nafasi wazi ila kwa sababu moja. Zamu hiyo wanakabidhiwa polisi, wawavizie wezi.

"Shemeji! Mwite Kaka! Ndani kuna polisi!"

Meno alitazama skrini. Akamtazama Kaka, aliyekwisha kuvuka barabara. Akawasha gari.

"Piga honi basi!"

"Nikipiga wanatuona."

"Ni ndugu yangu!"

"Na mimi ni mume wa dada yako. Unataka awe mjane? Ita. Mdomo si wako?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kaka alikuwa karibu kiasi cha kusikia hata mluzi.

Karani alifungua kinywa. Hewa ikaingia, sauti haikutoka.

Geti lilifunguka kabla Kaka hajabisha. Mikono mingi ikamdaka. Aligeuka kulitafuta gari, akaliona linaondoka, na uso wa mdogo wake dirishani.

Karani akapandisha kioo.