Zahanati Thelathini na Mlolongo Mmoja

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imefika barabarani siku ile kijana wa koti la njano alipochungulia karatasi za mwanamke aliyesimama mbele yake, amevaa gauni la kijani na hasira.

"Dada, hizo namba za nini?"

"Dakika za barabarani. Zahanati thelathini, kutoka kila moja hadi kila nyingine. Unauliza kama nani?"

"Dereva wa bohari ya dawa. Barabara hizo nazipita kila siku."

Kumbe mwanamke alikuwa mtakwimu mpya wa bohari hiyohiyo. Mwezi haukuisha wakawa wapenzi, na kompyuta ya mtakwimu ikagawa zahanati katika makundi matatu, kila kundi gari moja.

Jumamosi makundi yalipoanza kutumika, dereva alialikwa pia kula kwa mama wa mtakwimu. Chakula kikapoa. Mama akatazama saa mpaka akachoka. Saa kumi simu ikaita.

"Mpenzi, ndiyo kwanza namaliza kundi langu."

"Wenzako wamemaliza saa nne! Sema tu hukutaka kuja!"

"Nimechoka kujieleza," akajibu, akakata.

Wiki nzima hawakusemezana. Wapendanao nao, mdomo wanao, kuutumia hawataki!

Ijumaa mtakwimu akafungua makundi ili apate ushahidi wa uvivu wa dereva. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kundi moja lilikuwa na zahanati moja, la pili mbili, la dereva ishirini na saba! Njia ya kugawa ambayo mtakwimu aliipa kompyuta iliunga jirani kwa jirani: ya kwanza karibu na ya pili, ya pili karibu na ya tatu, mpaka ya sokoni na ya mlimani, zinazoachana mwendo wa saa mbili, zikawa kundi moja. Akajisonya mwenyewe.

Kutafuta kitovu cha kila kundi kwa wastani nako kusingefaa. Alikuwa na dakika tu, na wastani wa dakika hauna mlango wa kugonga. Basi katika kila kundi akachagua zahanati halisi iliyo karibu zaidi na nyingine zote, iwe kituo, na kila zahanati ikafuata kituo kilicho karibu nayo. Yakatoka makundi ya kumi, kumi na moja na tisa. Akapiga simu.

"Mkosaji ni mimi. Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje, ulivyonionyesha makundi yako kwa furaha vile? Niliyaendesha tu, Bi Hesabu."

Mtakwimu akalia, akacheka. "Njoo kesho. Mama atapasha chakula."

"Nakuja kuposa. Ila niambie: kundi likiwa la wawili, kituo nani?"

"Yeyote. Umbali ni uleule."

"Basi uwe wewe. Mimi nimeshaendesha vya kutosha, nataka pa kutulia."