Magimbi ya Kulusum

Nyumba ya Kulusum, bondeni chini ya soko la Kalerwe, haikosi mgeni. Chai ipo, habari za mtaa zipo, na Kulusum mwenyewe hanyamazi. Mwezi huu alikuwa na la kusema: binti yake Nuriat anaolewa, na wakwe wanakuja baada ya wiki mbili.

"Uwanja lazima upendeze," alisema. Akang'oa magimbi yote yaliyoota kwenye tope nyuma ya nyumba, yale ambayo mtaani huitwa mayuni. Akachimba mfereji ulionyooka mpaka chini. "Maji yapite haraka, yaende zake!"

Mvua ikanyesha asubuhi moja tu. Maji ya kilimani yakashuka mbio na matope, yakaziba kalavati, lile bomba la maji chini ya njia, yakarudi mpaka sebuleni. Mikeka mipya ya harusi ikalowa. Sufuria mbili zikaelea hadi kwa Zulaikha, jirani wa chini.

"Mama Nuriat!" Zulaikha akaita. "Harusi imehamia kwangu? Sufuria zimefika, pilau iko wapi?"

Kulusum akacheka, kisha machozi yakamtoka. Wakwe wakikuta tope sebuleni, watasema nini?

Aloyo, jirani anayefanya kazi ya kutunza vinamasi, alikuja na buti zake.

"Magimbi yako wapi?"

"Nimeng'oa. Yalikuwa uchafu."

"Uchafu? Hayo ndiyo yalikuwa yanapunguza mwendo wa maji." Aloyo akachuchumaa kando ya mfereji. "Mwalimu mmoja kutoka Hawaii, visiwa vya mbali, alitufundisha. Wazee wao walitunza ardhi kama kitu kimoja, kutoka mlimani hadi baharini. Wa juu alimkumbuka wa chini. Maji ya mto waliyapitisha polepole kwenye vishamba vya magimbi vyenye kingo. Tope likatulia humo, maji yakarudi mtoni. Tena wanasema gimbi ni kaka yao mkubwa."

"Ya Rabi! Nimemng'oa kaka wa watu!"

"Basi mrudishe, kabla wakwe hawajaja."

Kesho yake Kulusum aliita mtaa mzima. Walifukia mfereji. Wakatengeneza vishamba vitatu, kimoja chini ya kingine, na kingo za mawe na udongo. Kila ukingo ukaachiwa mlango mdogo wa maji. Magimbi aliyoyatupa yalikuwa bado mabichi, wakayapanda.

"Maji ya choo yasiingie humu," Aloyo alionya.

Zulaikha naye akazibua kalavati, huku akitoa habari za mtaa wote.

Siku moja kabla ya harusi, mvua kubwa ikanyesha. Kulusum alisimama mlangoni, ameshika ufagio. Maji yakajaa kishamba cha kwanza, yakamwagikia cha pili, taratibu, kisha cha tatu. Tope likabaki humo. Sakafu ikabaki kavu.

Harusini, mama mkwe aliyaona majani mapana nyuma ya nyumba. "Na hayo?"

Zulaikha akadakia, mdomo umejaa pilau: "Huyo ni kaka wa bibi harusi. Hakai ndani, analinda mlango."