Waya wa Panya

Kila alfajiri, kabla hajawasha kuni, Tumirah alikwenda kwenye ukuta wa jiko na kuzima swichi. Kisha alichungulia dirishani. Kule jarubani, kwenye shamba lao la mpunga, juu ya nguzo ya mwanzi, palikuwa na taa moja ndogo. Taa ikiwaka, waya una umeme. Taa ikizimika, waya hauna umeme. Aliitazama mara moja, akaitazama mara ya pili. Akimenya vitunguu, anaacha kisu anarudi dirishani.

"Mama Ratri, shingo itakatika kwa kuchungulia," mumewe Sarijo alimtania.

"Bora ikatike shingo yangu kuliko roho ya mtu," alijibu.

Waya wenyewe ulizunguka jaruba lao lote, shubiri moja juu ya maji. Panya akiugusa, anakufa palepale.

Lakini tusimlaumu Sarijo bure. Msimu uliopita panya walikula nusu ya mpunga wake. Panya wa kijiji chetu cha Ngadirawa ni wajanja. Huanza kula katikati ya jaruba, ambako mtu haoni. Pembeni huacha mpunga umesimama vizuri, na mwenye shamba anapita akijisifu. Wazee wa hapa hawamtaji panya hata kwa jina wakiwa jarubani. Humwita Bwana Mzuri, asije akanuna akaita ukoo wake mzima. Sarijo alimwita Bwana Mzuri msimu mzima, na Bwana Mzuri alikula bila haya.

Ndipo jirani yao Pariman akaja na mkewe, Sukini. Pariman alikunywa kahawa, akasema, "Ndugu yangu, tega waya wa umeme kama wangu. Wewe unalala, waya unafanya kazi."

"Na watu je?" Tumirah aliuliza.

"Watu wana akili, shemeji. Panya ndiye hana."

 Sukini alikuwa akiangalia kikombe chake.

Sarijo akautega waya, na tangu siku hiyo Tumirah hakuwa na raha. Akisikia mbwa analia, anakimbilia dirishani. Ratri, binti yake wa miaka saba, akichelewa kidogo kutoka shule, anatoka kumfuata njiani. Usingizi ulimkimbia kabisa.

Asubuhi moja kulikuwa na harusi kwa mkuu wa kijiji. Wanawake wote walitakiwa kwenda kusaidia kupika. Tumirah aliamka amechelewa. Alikimbilia dirishani kwanza. Taa ya jarubani ilikuwa imezimika.

"Kumbe Baba Ratri ameshazima," alijisemea. Akachukua mbuzi yake ya kukunia nazi, akatoka mbio.

Sarijo naye alikuwa uani akinoa mundu. Alitazama jarubani, akaona taa haiwaki. "Mama Ratri ameshazima," alijisemea. Akabeba mundu wake, akaenda kufyeka majani ya ukingoni.

Jikoni kwa mkuu wa kijiji kulikuwa na kelele tele. Wengine walikatakata pilipili, wengine walikaanga tempe, vipande vya soya iliyochachuliwa. Tumirah alikaa na Sukini, wakikuna nazi. Vijana walikuwa uani wakihangaika na spika zao kubwa. Mara spika zikanguruma, muziki ukapasua masikio, na watu wakapiga makofi.

"Umeme umerudi!" walishangilia. "Umeme umerudi!"

Mkono wa Tumirah ulisimama juu ya nazi.

"Kwani ulikatika?" aliuliza.

"Ulikatika tangu alfajiri, mwenzangu!" alijibu mama mmoja. "Wewe ulikuwa wapi?"

Tumirah alimtazama Sukini. Sukini alimtazama Tumirah. Hapakuwa na haja ya kueleza.

"Kimbia!" Sukini alisema.

Tumirah alirusha nazi, akakimbia. Ndara moja ilibaki njiani, nyingine akaitupa mwenyewe. Njia panda alisimama kidogo tu. Aende jarubani akapige kelele, au aende nyumbani akazime? Akakimbilia nyumbani. Aliupiga mlango kwa bega, akafika kwenye ukuta wa jiko. Swichi ilikuwa imewashwa. Aliizima kwa mikono miwili. Kisha akatoka tena kuelekea jarubani, huku akiita, "Baba Ratri! Baba Ratri!"

Hakuna aliyeitika. Walilia bata tu.

Sarijo alikuwa amelala ubavu kwenye ukingo, macho yamemtoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi vidoleni. Mzee Karso, mchunga bata, alikuwa amepiga magoti kando yake, fimbo yake ya mwanzi ikiwa mkononi.

"Yu hai," alisema Mzee Karso. "Yu hai, binti yangu, anapumua. Nilimwona ameushika waya hauachii. Nilitaka nimvute, lakini nikakumbuka nitakwama naye. Nikaupiga waya kwa fimbo hii kavu ya mwanzi mpaka ukamtoka mkononi. Lakini ukaangukia majini. Nikaogopa kumsogelea. Nikasimama namwita tu. Kisha taa ile ikazimika, ndipo nikaja."

Tumirah alikaa chini kwenye tope. Alilia kwa sauti, na hakuona aibu.

Hospitali ya wilaya ilimkata Sarijo vidole viwili. Muuguzi aliyemfunga mkono hakuwa na mzaha.

"Huyo mzee ana akili," alisema. "Mtu akinaswa na umeme usimguse kwa mkono. Zima umeme kwanza. Ukishindwa kuzima, simama pakavu, umsukumie waya mbali kwa mti mkavu. Mti mbichi haufai, na chuma hakifai. Angemshika kwa mikono, leo mngezika wawili."

Baada ya siku tisa Sarijo alirudi nyumbani. Alikaa barazani, akatazama jaruba lake. Mpunga ulikuwa unaanza kubeba mimba, wakati ambao panya huupenda kuliko wote.

"Leo jioni tuwashe waya," alisema polepole. "Safari hii tutakuwa waangalifu."

Tumirah alifikiri hakusikia vizuri. "Tuwashe nini?"

"Waya."

"Swichi nimeing'oa."

"Nani kakuruhusu?"

"Nani angenikataza? Wewe ulikuwa kitandani unadungwa sindano za matakoni."

Sarijo alitaka kucheka, akashindwa. Aliinamisha kichwa. "Tutakula nini, Mama Ratri? Niambie. Ng'oa swichi, sawa. Tutakula nini?"

Swali hilo lilimuuma Tumirah. Kesho yake alifunga safari hadi ofisi ya kilimo, akamleta Lestari, bibi shamba. Lestari alikuwa mwanamke mfupi, mwenye buti za mpira na sauti ya kuamuru. Alizunguka jaruba mara mbili. Aliuchimba ukingo kwa jembe. Ndani kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo watoto wa panya kumi na mmoja.

"Haya, hesabuni," alisema. "Kingo zenu ni nene kama kitanda. Mmewajengea panya nyumba, halafu mnawawekea waya nje ya mlango! Waya unaua wachache. Waliobaki wanazaana humu."

"Tufanyeje basi?" Tumirah aliuliza.

"Punguzeni kingo ziwe nyembamba, wasipate pa kuchimba. Fyekeni majani. Pandeni wote wiki moja, kijiji kizima, ili panya wasipate chakula cha kuhamia. Na muwasake pamoja mapema, kabla mpunga haujabeba mimba. Mtu mmoja hawawezi panya. Ukiwafukuza kwako, wanakwenda kwa jirani, kesho wanarudi. Halafu mjenge kibanda juu ya nguzo, mkaribishe bundi."

"Bundi!" Sarijo alishtuka. "Ndege wa mkosi? Akilia juu ya nyumba, mtu anakufa!"

Lestari alimwangalia mkono. "Na huyo bundi aliyekukata vidole, alilia saa ngapi?"

Sarijo aliuficha mkono mgongoni. Tumirah alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi.

Msimu ule hawakuvuna vizuri, sitawaficha. Lakini msimu uliofuata mkuu wa kijiji aliitisha mkutano. Watu walipanda wiki moja. Siku tatu mfululizo walisaka panya kwa majembe, fimbo na mbwa, watoto wakipiga makopo. Mzee Karso alijenga kibanda cha bundi kwa mikono yake. Mwezi wa tatu bundi wawili weupe waliingia. Chini ya nguzo Ratri aliokota mifupa ya panya, akaileta nyumbani kwa furaha kama ameokota shanga.

Mavuno yalipofika, panya walikuwa wamekula, ndiyo, lakini pembe moja tu. Sarijo hakuweza tena kushika mundu kwa mkono wa kulia, kwa hiyo majirani walikata na yeye akafunga miganda. Magunia yalijaa mpaka barazani.

Nyaya zote Ngadirawa ziliondolewa, isipokuwa mmoja. Pariman alikataa.

"Mimi sifugi mikosi," alisema kila alipoulizwa. "Na mimi nina akili."

Jioni moja Sarijo alivaa shati safi. "Twende kwa Pariman," alimwambia mkewe.

Walikaribishwa ndani, wakaletewa kahawa. Swichi ya Pariman ilikuwa ukutani, karibu na kabati la vyombo. Sarijo hakugusa kahawa. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza, vidole vitatu.

"Ndugu yangu," alisema, "wewe ulinifundisha waya. Sikulaumu, nilipenda mwenyewe. Lakini mimi pia nilikuwa na akili. Mke wangu ana akili kuliko mimi. Siku ile akili zetu sote wawili zilitudanganya, kwa sababu umeme ulikatika tu. Kesho akipita mtoto wa mtu pale kwako, utawaambia nini polisi? Utamwambia nini mama yake?"

"Mimi sijawahi kusahau," Pariman alisema. "Hata siku moja. Muulize Sukini, yeye ndiye huzima."

Wote walimgeukia Sukini. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Alilibwaga sinia mezani, kahawa ikamwagika. Akaenda ukutani, akashika plagi iliyo kando ya swichi, akaichomoa, akauvuta na waya wake mpaka misumari ikaruka.

"Miaka mitatu!" alisema, na sauti ilimpasuka. "Miaka mitatu silali, Pariman! Wewe unakoroma, mimi naamka mara sita kutazama taa. Akili unayojisifia ni usingizi wangu. Sasa nimechoka."

 Pariman hakuwa amejua. Ilionekana usoni kwake kwamba hakuwa amejua kabisa.

Tumirah alisimama akamshika Sukini mkono. Nje kulikuwa bado na mwanga wa kutosha. Bila kuaga, wanawake hao wawili walishika njia ya jarubani kwenda kukunja waya. Baada ya muda kidogo walisikia nyayo nyuma yao. Alikuwa Pariman, amebeba koleo la kukatia waya.