Tumekuja Kama Wawekezaji

"Mzee wetu, sisi tumekuja kama wawekezaji!" alisema mshenga Solomoni, akacheka mwenyewe kwanza. "Tumeona kiwanda kizuri humu ndani. Tunaomba utubinafsishie!"

Wenzake wakaangua kicheko. Magreth, binti aliyekuja kuposwa, alikuwa ametega sikio jikoni, akafunika uso kwa kanga. Jamani, midomo mingine ingeshonwa tu! Maneno yote ya Kiswahili yamejaa tele, Solomoni akaenda kuokota hilo.

Baba yake, Mzee Thomasi, alifuma mashuka kiwandani mjini Arusha mpaka serikali ilipokiuza kiwanda hicho. Mwekezaji aliahidi mashine mpya. Akang'oa zilizokuwepo, akaziuza kama vyuma chakavu, jengo likawa ghala. Mzee akarudi kijijini Maji ya Chai kwenye migomba yake, masikio yamekwisha kwa kelele za mashine. Ukikaa naye karibu anakusikia, penye umati hasikii kitu.

"Chai mmekunywa," mzee alisema taratibu. "Sasa nendeni."

"Mzee, huo ni utani wa posa tu..."

"Nendeni. Aje mwenyewe."

Mwenyewe aliyewatuma ni Calvin, msemaji wa vijana wa chama, anayezunguka na sera ya kufufua viwanda. Alikutana na Magreth mjini, mtaa wa Kaloleni, binti akiwa kwenye cherehani yake. Kila wiki alileta shati lililotoka kifungo, mpaka binti akagundua kwamba anaving'oa vifungo makusudi. Hapo ndipo alipompenda.

Alikuja Jumapili baada ya ibada.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Baba bado. Kiwanda chetu kilikufaje?"

"Kiliuawa, mzee. Mwekezaji aling'oa mashine, na chama chetu kikanyamaza."

"Jukwaani utasema hivyo?"

"Nitasema."

"Basi ng'ombe wako sitaki. Wenzangu wa kiwandani wanakufa wakiitwa wavivu waliokiua. Sema hayo mbele za watu, binti ni wako."

Magreth alilia jikoni kwa furaha.

Asubuhi ya mkutano wa hadhara wa chama, simu ya Magreth ikaingiza ujumbe wa Calvin: "Mpenzi, leo usije na mzee. Nitakueleza."

Akapiga palepale.

"Calvin, kuna nini?"

"Yule mwekezaji atakaa meza kuu. Ndiye anayenibeba kwenye udiwani. Nivumilie, Mage. Nikishapata, nitasema yote."

"Na ahadi yako kwa baba?"

Simu ikakatwa. Alipogeuka, mzee alikuwa tayari mlangoni, kavaa koti la kanisani na juu yake shuka jekundu alilolifuma mwenyewe.

"Twende, mwanangu. Tusichelewe."

Angemwambia nini? Wakaenda. Moyoni alikuwa bado anaomba Calvin akimwona mzee aone haya.

Calvin alimwona. Akatazama meza kuu, kisha akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Viwanda vyetu vya zamani havikuuawa na mtu. Viliuawa na uvivu wa wafanyakazi wenyewe!"

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Mzee Thomasi akamwinamia binti yake, macho yanang'aa.

"Watu wanapiga makofi. Amesema?"

Magreth akatazama kucha za mzee zilizokatika kwa miaka ya nyuzi, na lile shuka.

"Amesema, Baba."

"Kwamba hatukuwa wavivu?"

"Kwamba hamkuwa wavivu."

Mzee akasimama. Akampigia makofi Calvin kuliko watu wote, machozi yakimtiririka hadharani. Jukwaani, Calvin akainamisha kichwa.

"Waambie washenga warudi," mzee alisema akiketi. "Nimekubali."

Magreth alijua baba ataulizia harusi. Atamwambia kwamba mapenzi yamekwisha tu, vijana ndivyo walivyo. Uongo huo ungemuuma mzee kidogo kuliko ukweli. Yeye mwenyewe ungemuuma maisha, maana alimpenda yule mtu mpaka dakika ile.

Akatoa simu, akamwandikia Calvin: "Baba amekubali. Mimi nimekataa."

Kisha akamfunga mzee shuka vizuri mabegani, akamshika mkono, wakatoka uwanjani huku watu wakiendelea kushangilia.